Mikono Iliyofundishwa Uongo

Bi Sakie Orihara ndiye aliyekuwa mkali kuliko watu wote wa mtaa wetu kule Japani, na kila asubuhi aliahidi kwamba hatakasirika. Aliahidi kwa sauti, amepiga magoti mkekani, viganja vimekutana mbele ya kifua: leo tu sitakasirika, leo tu sitahangaika, na mengine matatu ya shukrani, kazi na wema, ambayo watu wa reiki, tiba ya kuwekea wagonjwa mikono, huyasema kabla ya kunywa chai. Mara nyingi hakufika mwisho. Muuza kuni angetupa magogo yake kwenye ukuta wa bafu, naye Bi Sakie angefungua dirisha, amwite fahali kipofu, afunge dirisha, kisha arudi kumalizia wema.

Mimi, mgeni kutoka pwani ya Afrika Mashariki, nilipanga chumba juu ya bafu lake kwa miaka mingi, na sakafu ilikuwa nyembamba. Ahadi na matusi nilivipata vyote.

Bafu lilikuwa la ukoo wa marehemu mumewe: bafu la mtaa, upande mmoja wanaume, upande mwingine wanawake, na katikati, mlangoni, kile kiti cha juu ambako mwenye bafu hukaa akitazama pande zote mbili. Hakuna aliyemwonea haya. Mtu wa kiti cha juu ni kama saa ya ukutani, hujifichi saa unapovua nguo. Kwa hiyo Bi Sakie aliijua miili ya mji wetu wote, makovu ya vita, mimba kabla hazijatangazwa, migongo iliyopinda kwa kazi ya vyombo vya laka, ile rangi ng'avu ya utomvu wa mti.

"Wewe, Shigezo! Oga kwanza ndipo uingie majini. Hii si supu ya miguu yako!"

"Nimeoga, Bi Sakie."

"Umelowa. Kulowa si kuoga."

Mchana, kabla ya kufungua, aliweka mikono. Alijifunza akiwa msichana, sebuleni kwa mjomba wake, kabla ya vita, wakati wenye maduka na wake za maofisa walipokaa mistari gizani wakinusa ubani na mwalimu akipita nyuma yao kuwapa nguvu ya kuponya. Watu walikuja kulala kwenye chumba cha nyuma, naye akaweka viganja juu ya kichwa, tumbo, magoti, bila kubonyeza, akanyamaza. Ndiyo saa pekee aliyonyamaza. Alisema mahali penye ugonjwa huita: kiganja kinapata joto, kisha kinawasha, kisha kinapwita, na unabaki hapo hapo mpaka mwito upoe. Malipo yake yalikuwa figili na machenza.

Lakini alikuwa na sheria moja aliyorithi kwa mjomba: mikono humfuata daktari, haimtangulii. Kuna seremala alikuja amejikunja akishika tumbo upande wa kulia, akalala chali kungoja joto la viganja. Bi Sakie alimgusa, akamvuta ukosi, akamsukuma nje kwenye theluji bila viatu. "Hospitali! Unataka nikupapase mpaka upasuke?" Alipotoka kupasuliwa, ndipo akaenda kumwekea mikono kitandani. Wauguzi walimzoea. Daktari wa zamu alizoea kusema haidhuru, wagonjwa wake hulala vizuri.

Nayasema haya ili msije mkadhani hadithi hii ni ya mwanamke mshirikina aliyemzuia mtu asitibiwe. Ingekuwa hivyo ningejua wa kumkasirikia. Hapa wote walikuwa watu wema, na ndiyo maana hasira yangu haijapata pa kukaa hadi leo.

Rafiki yake wa tangu shule aliitwa Tsune Kurematsu. Alikuwa anasugua mabakuli ya laka kwa makaa laini na kidole gumba, kazi ya subira, lakini subira yote iliishia kwenye mabakuli. Binti yake Fumiyo aliolewa na Mkorea aliyezaliwa Osaka, mtu ambaye hakuwahi kuiona Korea hata kwa meli. Pale mtaani hiyo haikusaidia kitu. Pale mtu huulizwa babu yake alitoka wapi kabla ya kuulizwa kama amekula. Tsune alimwambia binti, "Ukitoka mlango huo, mimi sina mtoto wa kike," na Fumiyo akatoka. Ikapita miaka minane.

Kiangazi kile cha mwaka 1986, Tsune alianza kulainika. Alikuwa akikaa kwenye ngazi ya kiti cha juu akijipepea.

"Sakie, maua ya cheri yakichanua mwakani nakwenda Osaka."

"Kufanya nini?"

"Kuinama mbele ya yule mtoto. Niiname mpaka chini, na huyo mumewe anione."

"Mbona usiende kesho?"

"Mkosaji anaenda wakati mzuri, amevaa vizuri, kwa miguu yake. Sitaki aseme mama amekuja kwa sababu ya joto."

Ikaja vuli, Tsune akaanza kutapika. Hospitalini walimfungua tumbo, wakatazama, wakamshona. Daktari akamwita mwanawe, Hidemitsu, kwenye korido. Saratani, imeenea. Mwaka mpya atauona. Maua, hapana. Kisha daktari yuleyule aliingia chumbani, akamwinamia mgonjwa kwa heshima na kumwambia ana vidonda vya tumbo, apumzike, ale uji laini.

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Ndugu huambiwa, mwenye mwili haambiwi. Mtu anamiliki tumbo lake miaka sitini na tatu, kisha siku linapokuwa na habari ya maana, habari inapelekwa kwa mwingine. Waliita huruma. Nimesikia uongo wa kitandani kwa lugha nyingi, na kwetu pwani pia tunaujua, tunamwambia mgonjwa "utainuka tu" huku tumeshapima sanda. Lakini sijaona mahali uongo ulipopangwa kwa adabu kama pale, kila mtu na sehemu yake, kama kubeba kabati la mtu mwingine kwenye ngazi nyembamba.

Sehemu ya Bi Sakie aliletewa na Hidemitsu. Alikuja bafuni kabla ya kufunguliwa, mwanamume mzima wa ofisi ya posta, tai shingoni, soksi zimelowa.

"Shangazi, mama ameruhusiwa kuja kuoga."

"Vizuri. Nitamwekea kigoda."

"Lakini kuna hiyo mizani."

Mizani ilisimama kwenye chumba cha kubadilishia cha wanawake, ya chuma, yenye uso mkubwa kama sahani. Wanawake walipanda baada ya kuoga, wakasomeana kwa sauti na kutaniana.

"Mizani ina nini?"

"Kama ungeisogeza kidogo. Kilo chache tu. Asije akaona anapungua."

"Niidanganye mizani?"

"Kwa ajili yake, shangazi."

"Na mama Hosoi, ambaye anapambana na tumbo lake tangu nikiwa na meno yote, nimwambieje? Kwamba amenenepa kwa ajili ya mama yako?"

Hidemitsu alicheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio katikati. Ndipo akamwambia yote ya korido. Bi Sakie alishuka kwenye kiti.

"Na Fumiyo? Umemwita?"

"Nimwiteje? Miaka minane hajakanyaga. Mama akimwona tu mlangoni atajua anakufa. Kumwita Fumiyo ni kumwonyesha mama jeneza. Shangazi, acha mizani. Mikono yako basi. Anaiamini kuliko daktari. Mwambie unasikia inapoa. Atulie tu." Akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mbao zenye maji.

Mtu akikuwekea paji la uso chini, pale ni vigumu kukataa. Ni kama amekuwekea kisu mkononi, upande wa mpini.

"Mizani ni ya mtaa mzima," akasema Bi Sakie. "Siigusi. Mikono ni yangu."

Alidhani amechagua dhambi ndogo. Alinieleza hivyo mwenyewe baadaye, huku akipiga ndoo teke: alidhani chuma kikidanganya ni wizi, bali mkono ukidanganya ni upendo. Alikuwa na akili nyingi, na akili nyingi ndiyo iliyompoteza.

Tangu siku ile alikwenda kwa Tsune kila mchana. Tsune alilala kwenye godoro la sakafuni karibu na jiko la mafuta ya taa, akafunua tumbo, kovu likionekana.

"Haya, kunaendaje humo?"

"Kunapoa. Juzi palikuwa panachoma kama kaa. Leo vuguvugu."

"Nilimwambia yule daktari. Katoto kale kanatibu kwa uso mrefu. Vidonda vinaogopa uso mrefu?"

"Nyamaza, unavuruga."

"Leo tu usikasirike, mwalimu."

Na walicheka, wallahi walicheka. Bi Sakie alisema viganja vyake vilikuwa vikipwita mpaka viwikoni, kama mtu anagonga mlango na wenye nyumba wanajifanya hawapo. Mimi si shahidi wa viganja. Ila mbavu za Tsune ungeweza kuziona ukiwa upande wa pili wa barabara.

Mwaka mpya ukapita. Jioni moja ya theluji bafu lilijaa, kwa sababu mabomba ya nyumba nyingi yaliganda. Tsune alikuja ameegemea fimbo, akaoga, kisha akapanda mizani. Mama Hosoi, kwa mazoea, akainama kusoma, akafungua mdomo na kuufunga.

"Soma," akasema Tsune.

"Macho yangu yana mvuke."

Tsune akasoma mwenyewe. Kisha akageuka, uchi, mwembamba kama ufagio, akamtazama Bi Sakie kule juu.

"Sakie. Mizani yako inasema naisha. Mikono yako inasema napona. Nyumba moja, mashahidi wawili. Mmoja mwongo."

Upande wa wanaume waliacha kumwaga maji.

"Mizani hii imezeeka, Bi Tsune," mama Hosoi akadakia. "Mimi mwenyewe inanisingizia mambo makubwa."

Wakacheka, wote kwa pamoja, haraka mno. Na Tsune, aliyekuwa na ulimi wa kumchubua mtu ngozi, akacheka nao.

"Basi mpe mkusanya vyuma. Mimi naifuata mikono." Akaanza kuvaa, kifungo kimoja kimoja. "Tena mwajua, Fumiyo amempigia simu kaka yake Hide, anataka kuja. Nimesema asije. Aje anikute na uso kama figili ya mwaka jana? Atadhani namwita kwa kuugua. Maua yakichanua nitakwenda mwenyewe. Sakie anasema kunapoa. Haraka ya nini?"

Kila mwanamke mle ndani alimtazama Bi Sakie. Wote walikuwa na macho, wote walijua, na wote waliinama kufunga soksi zao.

Hapo ndipo ilipo hasira yangu. Mwanamke ana jambo moja tu limebaki duniani, kuinama mbele ya binti yake, na mji mzima umemsaidia kwa upole kulichelewesha.

Asubuhi iliyofuata sakafu yangu ilikuwa kimya. Hakukuwa na ahadi. Bi Sakie alipanda ngazi, akagonga. "Vaa viatu. Twende kwa Tsune. Utembee nyuma yangu, nikigeuka unisukume."

Hakugeuka. Nilikaa kwenye kizingiti mlangoni kwa Tsune, pale pa kuvulia viatu, na mlango wa karatasi haufichi sauti.

"Umewahi leo," alisema Tsune. "Haya, weka mikono."

"Sitaweka."

"Inakuuma?"

"Imekudanganya. Si vidonda, Tsune. Ni saratani. Walikufungua wakaikuta imeenea, wakakushona. Maua huyafikii."

Nikasikia jiko la mafuta likinguruma. Kisha bakuli la chai likapasuka ukutani.

"Nani anajua?"

"Hide. Daktari. Mimi."

"Na wale wanawake wa jana?"

"Wana macho."

"Kwa hiyo mji mzima umeshafika kwenye mazishi yangu, mimi tu ndiye sikualikwa!"

"Tsune..."

"Kimya! Hide ni mwoga tangu tumboni, alichelewa hata kuzaliwa. Daktari simjui. Lakini wewe! Wewe uliniona nikianza hedhi! Umekuja kila mchana ukanipaka uongo tumboni kwa viganja vyako, na mimi nimelala kama gogo nikiupokea, na asante juu!"

"Ni kweli."

"Usinikubalie! Maisha yako yote unabwatukia watu, leo ndiyo unajua adabu?"

"Basi mpigie simu mtoto wako, kizee kichwa ngumu wewe!" Karatasi ya mlango ilitetemeka. "Miaka minane umeatamia jeuri kama kuku kwenye yai bovu! Maua, maua! Nani alikwambia msamaha una msimu? Ungekwenda kiangazi ungekuwa umeshainama, umeshainuka, umeshabishana naye mara kumi!"

"Na ungeniambia vuli ningekwenda vuli!"

Nikasikia Bi Sakie akiokota vipande vya lile bakuli.

"Toka," Tsune akasema. "Usinirudie humu. Na kabla hujatoka niletee simu."

Simu ilikuwa koridoni, nyeusi, nzito, na waya haukufika godoroni. Bi Sakie aliuvuta mpaka ukakazana, akapiga magoti mlangoni mwa chumba akiwa ameishika kwa mikono miwili, na Tsune akajiburuta kwa viwiko kuufikia mkono wa simu. Hakumruhusu amsaidie.

"Fumiyo? Mimi. Mama yako, una mama wangapi? Sikiliza. Nakufa. Hapana, si kwa kusema tu, nakufa, daktari amesema. Njoo. Uje na huyo mumeo. Hapana, sitakuinamia kwenye simu, hutaniona. Njoo nikuinamie."

Hidemitsu alikuja bafuni jioni, mbele ya watu. "Umemuua mama yangu."

"Nimechelewa kumfufua," Bi Sakie akajibu kutoka kwenye kiti. "Kwa hilo nishtaki. Kwa hilo lingine, kajishtaki mwenyewe, kisha uniambie hukumu."

Hidemitsu hakuoga tena kwake. Na wengi walimfuata. Si kwamba walimwona mwongo. Walikasirika kwa sababu ameacha kuwa mmoja wao. Aliyebeba kabati akiachia upande wake, wenzake hawamuulizi mkono wake ulikuwa unauma kiasi gani.

Fumiyo alifika siku ya pili, mjamzito, theluji nyweleni, mumewe nyuma amebeba kapu la kabichi ya kuchachua. Tsune alisimama. Sijui kwa nguvu gani, lakini alisimama, amevaa vazi lake la hariri lililomwagika mwilini, akashuka magotini na kuinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, mbele ya binti, kisha mbele ya yule mkwe, ambaye aliogopa akainama chini kuliko yeye. Kuinuka alishindwa. Wakaanza kugombana akiwa bado chini. Waligombana siku nyingi, juu ya arusi, juu ya barua zilizorudishwa, juu ya jina la mtoto, juu ya chumvi ya kabichi, na majirani waliosikia walisema ni aibu. Mimi nilisema hatimaye kuna nyumba moja inayosema kweli.

Bi Sakie hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Alikwenda hata hivyo, akakaa kwenye jiwe la viatu, koti begani. Maumivu ya Tsune yalipozidi, kati ya sindano moja ya muuguzi na nyingine, alianza kutaka mikono. Mikono, ila si ile.

"Mwambie huyo mwanamke mlangoni akufundishe," alimwambia Fumiyo.

"Mwambie mama yako," Bi Sakie akasema, "aache kujikunja, mtoto ataweka wapi?"

"Mama, anasema uache..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mikono yako ni ya baridi."

"Mwambie ni mikono ya mtu aliyetoka kufua. Aisugue, aiweke juu ya kovu, asibonyeze. Juu kidogo. Wewe! Nimesema kuweka, si kukanda unga!"

"Asikufokee," Tsune akasema. "Anayekufokea ni mimi."

Fumiyo akaweka. Tumbo lake kubwa lilimzuia kuinama vizuri. Baada ya muda akageuza kichwa kumtazama Bi Sakie, kama mwanafunzi anayeomba jibu. Bi Sakie alitikisa kichwa, akaangalia theluji upande wa barabara.

"Unasikia nini?" Tsune akauliza.

"Panachoma, mama. Panachoma sana."

"Haya," akasema Tsune, akafumba macho. "Usiitoe mikono. Iache hapo hapo."